Tambi kwenye Michongoma ya Uru

Vijana wa ofisini waliponiaga walinipa saa ya ukutani, kitu ambacho mstaafu hana haja nacho kabisa, kisha wakaniomba niwaandikie uzoefu wangu wa kazi. Mmoja akaongeza, "Lakini mama, usiandike kama ripoti." Basi nimekaa barazani, naandika. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye jalada langu na vinachosha. Mshahara nao tuuache upumzike. Hata enzi zile ulikuwa mtu wa kupumzika sana. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na ile kesi ya tambi ambayo mmekuwa mkiisikia vipande vipande wakati wa chai, kila msimulizi akitia chumvi ya kwao.

Nilifika Moshi katikati ya miaka ya themanini, nikiwa na sanduku la bati na cheti cha chuo cha kilimo. Barua ya ajira ilisema mimi ni mkaguzi wa mimea. Njia nzima nilijiona nimevaa koti jeupe, nimeinamia hadubini. Nilichokikuta ni chumba kimoja nyuma ya ofisi za kilimo: meza mbili, kabati lisilofunga, na magazeti ya zamani yaliyopangwa kutoka sakafuni hadi dirishani. Katikati ya magazeti alikaa mwanamume mwembamba, shati lake limepigwa pasi mpaka unaogopa kumgusa. Huyo ndiye Aloyce. Enzi hizo sote tulikuwa ndugu, kwa hiyo nilimwita Ndugu Aloyce. Uzee aliupata baadaye, na mimi nikiwa moja ya sababu.

"Jina?"

"Shikamoo. Naitwa Namsifu."

"Marahaba. Kwenu?"

"Usangi."

Akavua miwani taratibu, akaiweka mezani. "Mungu wangu. Wameniletea Mpare. Sasa kila jani la mkoa huu litapelekwa mahakamani."

Kwa msomaji asiyetoka huku: Wapare na Wachagga ni watani. Wao husema sisi tunapenda kesi kuliko chakula. Sisi nasi tuna ya kusema juu yao, ila bado naishi Moshi, na majirani zangu wanajua kusoma.

Kesho yake alinikabidhi zana. Lenzi ndogo ya mkononi iliyofungwa kamba ya kiatu ili uivae shingoni. Panga. Mifuko ya karatasi. Chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Yale magazeti yalikuwa ya kukaushia sampuli: unatandaza mmea katikati ya kurasa, unaweka tofali juu, unasubiri. Tatizo ni kwamba Ndugu Aloyce alikuwa akiyasoma upya kila alipotandaza jani, akashtushwa na habari za miaka mingi iliyopita kana kwamba zimetokea asubuhi ile. Pikipiki ya ofisi ilikuwepo. Petroli ndiyo haikuwepo. Nilizifahamu njia za Uru na mashamba ya Kahe kwa nyayo zangu, na hadi leo magoti yangu yanazikumbuka.

Siku ya kwanza kutumwa peke yangu nilipelekwa stendi kuangalia miche inayoingia mjini bila kibali. Nikamwona mama mmoja wa Kahe amebeba mzigo wa majani mabichi, mizizi inaning'inia. Nikajiweka sawa.

"Mama, mimea hii ina kibali?"

"Kibali cha nini, mwanangu?"

"Cha kusafirisha."

Akanitazama kwa huruma. "Huu ni mnafu, mboga tu. Nampelekea mkwe wangu, tunaupika mchana."

Nikatoa lenzi, nikaukagua mbele ya watu, nikathibitisha kwamba kweli ni mnafu. Niliporudi, Ndugu Aloyce alikuwa ameshapata habari. Sijui ilifikaje, maana simu yetu ilikuwa mbovu.

"Ulimwandikia hati?"

"Hapana."

"Basi una matumaini kuliko nilivyodhani."

Mengi alinifundisha kwa mtindo huo wa kunicheka. Lakini kuna moja alilonifundisha bila kucheka, tukiwa tunapanda kwenda Uru. Alisema, "Ukiingia kwa mtu, usianze na gugu. Sifia kwanza kilichoota vizuri. Mtu ukimsifia maua yake atakutembeza mpaka nyuma ya choo, na nyuma ya choo ndiko kazi yako iliko."

Miaka ikasogea, na nchi ikafunguka. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa mpaka milangoni. Mitumba ikaingia, redio zikaingia, na katikati ya marobota na masanduku ya wageni vikaingia vipande vya miti na mizizi ya maua, vimefungwa kwenye gazeti bichi kama samaki. Bei ya kahawa nayo ikawa inashuka. Wanaume wakakaa wakisubiri ipande. Wanawake hawakusubiri: wakaanza kuotesha maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na kuyapanga kando ya barabara. Ndipo zikaja sherehe za kumuaga bibi harusi, ambazo zamani zilikuwa kikombe cha chai na machozi kidogo, sasa zikataka ukumbi, mapambo na mtu wa kushika kipaza sauti.

Katika miaka hiyo Mzee Aloyce akastaafu. Alinivalisha lenzi shingoni mbele ya wafanyakazi wote kama mtu anayetoa nishani, akasema, "Nakuachia mlima. Usiupeleke wote kortini." Akaenda zake kwenye kihamba chake Uru, kwenye migomba na kahawa aliyoachiwa na baba yake. Mimi nikabaki na chumba, magazeti, na eneo linaloanzia mifereji ya Kahe hadi mpaka wa msitu.

Sasa tambi.

Nilialikwa kwenye harusi mtaa wa Pasua, hapa mjini, binti wa jirani yangu. Ukumbi ulipendeza. Meza ya maharusi ilikuwa imezungushiwa nyuzinyuzi za manjano, nyembamba, zinang'aa chini ya taa kama dhahabu iliyochanwa kwa kitana. Watu wakasifu. Nikasogea kuangalia. Nyuzi zile zilikuwa mbichi. Nikatoa lenzi, maana siku hizo nililala nayo na kuamka nayo, nikainama. Nikaona vinundu vidogo vya kunyonyea, vimejipanga kando ya uzi kama meno ya mtoto mchanga.

Wazee wa Pwani wanauita mmea huu mlangamia. Hauna majani, na ukishakomaa hauna hata mzizi ardhini. Hujizungusha kwenye mti wa mwenzake, ukang'ata, ukanywa maji yake na chakula chake, mpaka mti ukauke. Kipande kirefu kama kidole kikidondoka juu ya uzio, kimeshapata nyumba. Huku Moshi haukuwa na jina, basi wapambaji wakauita uzi wa dhahabu, na watoto, ambao ndio hutoa majina ya kudumu, wakauita tambi.

Nikafungua mkoba, nikaanza kukusanya. Mshereheshaji akaniona. Akasema kwa kipaza sauti, ukumbi mzima ukisikia, "Naona mama wa kilimo ameanza kufungasha kabla chakula hakijaja!"

Watu walicheka mpaka bibi harusi akafuta machozi. Niliendelea kufungasha. Kisha nikamuuliza mama wa binti nani amepamba.

"Mama Ritha wa Uru," akajibu kwa fahari. "Siku hizi bila Mama Ritha hujaoza binti."

Nikakosa hamu ya pilau. Mama Ritha alikuwa mke wa Mzee Aloyce.

Wiki iliyofuata nilizunguka Pasua. Kumbe tambi ilikuwa imetangulia. Kila harusi iliyopambwa, wageni waliondoka na kipande wakakitupa juu ya uzio wao, na baada ya muda uzio mzima ukageuka manjano. Mwenye duka mmoja alinionyesha wake kwa furaha.

"Mama, hii haitaki maji wala mbolea!"

"Haitaki, kwa sababu inakula michongoma yako."

Akafikiri. "Basi michongoma imepata kazi."

Nikapanda Uru. Nilipofika kwa Mzee Aloyce nilisimama barabarani nikashangaa. Michongoma yake yote, kutoka getini hadi kona ya mfereji, ilikuwa imefunikwa na dhahabu, jua la asubuhi linaipiga. Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Watu wa kutoka mjini walikuwa wanasimama kupiga picha.

Nikapokelewa vizuri. Nikaamkia, nikaletewa mtori, nikaulizwa habari za Usangi na za ofisini. Mama Ritha alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamuru kwaya, na bustani yake ilikuwa haina mfano kando ile ya mlima. Nikamsifia mayungiyungi yake meupe. Nikamsifia mawaridi.

Mzee Aloyce akaweka kijiko chini. "Mama Ritha, jihadhari. Huyu akisifia maua, ameshaanza kazi."

Tukacheka wote watatu. Nikaomba kuzunguka. Nyuma ya uzio, mahali ambapo mstari wa kwanza wa kahawa ulianza, nilikuta nyuzi zimeshavuka. Zilikuwa zimezunguka matawi ya mikahawa, na majani yaliyo chini yake yamekuwa ya rangi ya karatasi ya zamani.

"Mzee," nikasema kwa sauti ya chini, "hukuiona hii?"

"Niliiona."

"Ukasema nini?"

"Nilisema. Nikaambiwa nimestaafu." Akaelekeza kidevu upande wa mke wake. "Serikali ya hapa ni yule."

Mama Ritha alikuwa ametusikia. Nikamweleza kila kitu: tambi inafanya nini, imefika wapi, na kwamba kung'oa kwa mkono hakusaidii, ni lazima kukata uzio na kuchoma palepale. Nikamwonyesha kahawa, nikidhani hapo nimeshinda. Akanitazama bila hasira.

"Mwanangu, kahawa ni ya baba yenu. Mimi nimeipalilia, nimeichuma, nimeibeba kichwani mpaka kwenye chama cha ushirika, na jina lililoandikwa pale ni lake. Sisemi vibaya, ndivyo ilivyo. Lakini maua ni yangu. Na uzi huu ndio unaoleta watu mpaka getini kwangu. Leo nikaukate kwa sababu ya kahawa?"

Chuoni hawakutufundisha kwamba kahawa na maua vinaweza kukaa shamba moja na visiwe mali ya mtu mmoja.

"Andika hati," Mzee Aloyce akasema.

"Mzee..."

"Andika. Kama unavyomwandikia mtu usiyemjua."

Niliiandikia juu ya goti, pale barazani, bakuli la mtori likiwa bado na joto. Amri ya kuharibu mimea, jina la mwenye shamba, muda aliopewa. Akaisoma kwa makini kama alivyokuwa akisoma magazeti yake.

"Hapa umeweka 'tafadhali'. Hati haina tafadhali."

"Iache," Mama Ritha akasema kutoka mlangoni. "Ndilo neno pekee zuri humo."

Lakini hakutia sahihi. Nikaiacha mezani, nikashuka mjini na uzito ambao sijawahi kuubeba. Mtu aliyenifundisha kazi, nimemwandikia amri nyumbani kwake, tena nikiwa nimetoka kula chakula chake.

Peke yangu nisingeweza kuimaliza tambi hata nikifufuka mara mbili, kwa hiyo nikatafuta watu. Kulikuwa na fundi bustani mmoja, Dismas, aliyetunza bustani za nyumba kubwa kubwa za mjini. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mkasi mkali. Dismas na wenzake waliingia kila geti ambalo mimi ningefukuzwa na mbwa, na habari za kila nyumba walikuwa nazo, za mimea na zisizo za mimea. Nikawakusanya chini ya veranda ya ofisi, nikawaonyesha tambi ndani ya chupa, nikawaomba wakiiona waniletee taarifa.

Walileta. Kwanza wakaleta za kweli. Halafu, kama mnavyojua binadamu, wakaanza kuleta za majirani wanaogombana nao. Mmoja aliripoti kwamba uzio wa mama mkwe wake ni hatari kwa taifa. Nilikwenda, nikakuta uzio mzima, safi, na mama mkwe asiyejua kwa nini mkaguzi anamwomba radhi.

Siku moja Dismas akaja anahema. "Mama, Pasua, nyuma ya soko. Nyumba nzima imefunikwa! Sijawahi kuona manjano kama ile!"

Tukaenda na panga na mafuta ya taa. Kweli, michongoma ya nyumba ile ilikuwa imefunikwa na nyuzi za manjano kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamwambia Dismas aanze kukata upande wa chini wakati natafuta mwenyeji. Akainua panga. Mlango ukafunguka kwa kishindo, akatoka mama mmoja na mwiko mkononi.

"Weee! Kata uone!"

"Mama, shikamoo, sisi ni watu wa kilimo, mmea huu..."

"Mmea gani? Hiyo ni sufu yangu! Nimeifua, naianika! Nafuma masweta ya shule!"

Nikasogea, nikatoa lenzi. Ilikuwa sufu. Dismas bado alikuwa ameinua panga juu, hajui aishushe kwa adabu gani. Mtaa mzima ulitoka. Tukaomba msamaha, tukakaribishwa chai kwa kejeli, na kabla jua halijazama habari ilikuwa imepanda mlima.

Ilipanda hadi Uru, kwa sababu kesho yake asubuhi Mama Ritha aliingia ofisini kwangu. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha mumewe, akachekelea kwa muda mrefu, akafuta macho.

"Nimekuja kumwona Mpare anayetaka kuchoma masweta ya shule."

"Umemwona, mama."

Kisha uso wake ukabadilika. "Jana nilikuwa Pasua kwa watu niliowapambia mwaka juzi. Uzio wao umekauka wote. Mbuzi wanaingia, wezi wanaingia. Unajua wanasemaje? Wanasema ni uzi wa yule mama wa Uru." Akaegemea meza yangu. "Wewe ulipokuja kwangu uliniambia nikate. Hukuniuliza swali hata moja."

"Swali gani, mama?"

"Unajua uzi huu uko wapi na wapi?"

"Najua Pasua, na..."

"Hujui. Mimi ndiye niliyeupeleka. Najua kila mlango."

Nikahisi kama mtu aliyekuwa akitafuta funguo kwa tochi na mwenye nyumba amekaa pembeni anamtazama.

"Utanionyesha?"

"Nitakuonyesha. Ila jina langu lisitajwe kanisani. Na ile hati uichane."

"Hati siwezi kuichana, mama. Lakini mwenye shamba akitoa ushirikiano, naweza kumwongezea muda."

Akatikisa kichwa. "Wapare nyie." Lakini alikuwa anatabasamu.

Tulizunguka pamoja, yeye mbele, mimi na lenzi nyuma, Dismas na wenzake na mapanga. Mama Ritha hakuhitaji anwani. Alikumbuka nyumba kwa harusi. "Hapa ndipo keki iliinama." "Hapa bwana harusi alisahau pete." "Hawa walitaka mapambo ya kifalme na soda hazikutosha." Akibisha hodi, hakusema habari za sheria. Alisema, "Nilikupa kitu kizuri, kumbe kina ugonjwa. Nimekuja kukichukua." Watu waliobishana nami kwa wiki nzima walifungua geti. Si wote. Mwenye duka yule wa Pasua alikataa mpaka michongoma yake ilipolala chini yenyewe, ndipo akaja kuuliza kama serikali inatoa fidia. Nilimwambia michongoma ilikuwa kazini, aiulize yenyewe.

Mwisho tukafika kwake. Alitaka kwake kuwe mwisho, na mimi sikumharakisha.

Siku ile Dismas na wenzake walianza kukata kutoka getini, na kila walipokata tulichoma palepale, tusije tukadondosha vipande njiani. Masale ya mpakani, mmea wa heshima ambao Wachagga huutumia hata kuombea msamaha, tuliyapangusa uzi mmoja mmoja kwa vidole, maana hakuna Mchagga atakayekuruhusu kukata masale kwa hati ya serikali, na mimi si mjinga kiasi hicho. Mama Ritha alisimamia kama anapanga ukumbi. "Kata chini zaidi. Umeacha pale. Dismas, wewe ni fundi au mgeni?"

Tulipofika kwenye kahawa, Mzee Aloyce akatoka ndani. Alikuwa amevaa shati lake lililopigwa pasi, na mkononi ana panga lake la kazini. Akaninyooshea mkono kuomba lenzi. Nikaivua shingoni nikampa. Akaenda mti kwa mti, akainua matawi, akatazama kwa muda. Mikahawa ile ilipandwa na baba yake. Akasimama kwenye wa kwanza.

"Huu utapona?"

"Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nakuuliza wewe. Mimi nimestaafu."

Nikatazama mti. Nilitamani kusema utapona. "Hautapona," nikasema.

Akanirudishia lenzi, akautema mwenyewe. Alikata kwa pigo fupi fupi, bila hasira, kisha akahamia unaofuata, na mwingine, mpaka mstari wote wa mbele ukaisha. Hakuna aliyethubutu kumpokea panga.

Aliyebeba matawi kwenda motoni alikuwa Mama Ritha. Alibeba bila kuitwa, mzigo baada ya mzigo, na aliporudi mara ya tatu niliona analia.

"Mama, pole," nikasema.

"Mti huu nimeuchuma tangu nilipoolewa," akasema. "Nilikuwa nikiutukana kila msimu." Akajifuta kwa ncha ya kitenge, akainama kuchukua matawi mengine.

Kwa muda boma lile lilibaki wazi, halina uzio, na kila aliyepita njiani alimwona Mzee Aloyce amekaa barazani na kumwamkia. Alijifanya anakerwa. Michongoma mipya ilipoanza kuwa mirefu, ni yeye aliyesema isiachwe ipande sana.

Msifikiri tuliimaliza. Mbegu za tambi hukaa ardhini miaka, na mvua ikinyesha huchungulia. Kuna sehemu tulishinda, kuna sehemu tulichelewa, na nyie mtakutana nayo; mkiiona, msiing'oe mkaibeba mkononi kutembea nayo barabarani kama shujaa. Mapambo ya harusi nayo yakahamia kwenye riboni za plastiki, ambazo haziliwi na mbuzi wala hazioti. Hizo zilikuwa za idara nyingine.

Mama Ritha aligeuka kuwa mkaguzi bila ajira. Kikundi chake cha wanawake wa maua kilijifunza kutazama, na mche mgeni ukipanda Uru ulihojiwa kama mchumba. Simu za mkononi zilipokuja, akanunuliwa moja na binti yake, na kazi ikawa ngumu zaidi kwangu. Alikuwa ananibipu. Nikipiga, anasema, "Kuna kitu kimeota kwa padri, sikipendi sura." Mara nyingi kilikuwa kitu cha kawaida. Mara chache hakikuwa, na kwa sababu ya hizo mara chache nilipiga kila alipobipu.

Mzee Aloyce alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Aliugua kwa muda, na nilipokwenda kumwona aliniuliza kama bado nazurura na panga au nimepata gari. Nikamwambia gari lipo, petroli ndiyo haipo. Akacheka mpaka akakohoa.

Tulimzika kwenye kihamba chake, kati ya migomba. Watu walijaa hadi barabarani. Jeneza lilikuwa mbele ya nyumba, mashada yamepangwa kandokando, na Mama Ritha amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, amejifunika kanga nyeusi. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo. Padri alikuwa anasoma. Nikamwona anageuka polepole.

"Namsifu."

Nikasogea. "Naam, mama."

"Umeona lile shada la kulia? La watu wa mjini."

Nikatazama. Katikati ya maua meupe, mtu alikuwa amezungusha nyuzi za manjano, nzuri, zinang'aa.

"Nimeliona."

"Liondoe kabla baba yenu hajaliona."

Nikainuka, nikajifanya nakwenda kupanga mashada vizuri, nikalichukua lile, nikalifunika kwa mtandio wangu na kupita nalo nyuma ya nyumba mpaka kwenye mafiga ya wapishi. Wapishi waliniuliza naunguza nini, nikasema majani. Nikasimama pale mpaka likaisha kabisa, nikarudi nikakaa.

"Umelichoma?"

"Nimelichoma, mama."

"Umeangalia na mengine?"

"Nimeangalia."

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye jeneza. "Kaangalie tena."

Nikainuka, nikaangalia tena. Lilikuwepo la pili, chini ya shada la kwaya.